Kwa Mize, Kabla ya Jumanne

Dada Mize, n'kwambie mapema
usije ukanifia njiani kwa hofu.
Hapana kukatwa, hapana kulazwa.
Sindano ipo moja, ya ncha ya kidole,
ndogo kuliko hiyo unayodungia viua vya kofia,
na miaka arubaini imekudunga
wala sijakusikia ukilia kwa kofia.

Usile kitu alfajiri.
Najua. Hata chai.
Hata ile ya kuonja tu kama sukari imekolea.

Wete tutafika milango haijafunguliwa.
Pana benchi la kijani, mguu mmoja mfupi,
anapoinuka mtu sote twapepesuka.
Hapo hakuanzwi na salamu,
huulizwa kwanza: nani wa mwisho?
Ukishamjua wa mwisho, ndipo umwamkie.
Kila mtu ana kadi yake mfukoni,
mifuko ile ile ya plastiki iliyopigwa marufuku;
iliyosalia kisiwani
imesalia kwa kazi hiyo, nadhani:
kutunza namba zetu zisilowe.

Nesi atakupandisha mzanini.
Vua viatu. Buibui liache.
Kisha mkanda mkononi:
utakubana kama mtu mwenye siri,
ubane, ubane, mpaka useme sasa atanena,
halafu ulegee polepole
na siri akaambiwe nesi.
Wakati huo usizungumze.
Naona hapo ndipo penye kazi kwako.

Daktari ni Saumu.
Ndiyo, Saumu wa Faki Shaame,
yule tuliyekuwa tukimtoa udongo mdomoni kwa kidole.
Atakuuliza unaamka mara ngapi usiku kwenda haja.
Jibu. Usitazame dari.
Atakuuliza chumvi.
Mimi nilisema, "kidogo,"
naye akaweka kalamu chini:
"Mama mdogo, ng'onda yako
imeingia mlango huu kabla yako."

Sasa lile ambalo sikukwambia.

Mwezi uliopita namba zangu hazikushuka.
Akaniomba dawa, nikampa pakiti,
akaimwagia mezani.
Vikatoka vipande, nusu nusu,
na unga mweupe wa kisu changu cha jikoni.
Alivipanga kwa kidole, kimya,
kila nusu akiitafutia mwenzake,
asiipate.
"Nusu ya pili anakula nani?"
Nikaitazama kalenda ukutani, ya mwaka juzi.
Nikasema, "Panya."

Mize, hakucheka.
Akatazama kadi yangu, akatazama vile vipande.
"Panya mwenye presha," akasema,
"anaumwa kichwa asubuhi?"
Nikasema, anaumwa.
"Anaona vinyota akiinuka penye mkeka?"
Nikasema huona, lakini husema ni njaa.
"Anaogopa nini?"
Hapo nikakosa la kusema,
maana miaka yote hii n'nakukatia kidonge
na swali hilo sijakuuliza.

Basi ikawa kama nimekusaliti, na iwe.
Alinambia nusu kidonge
haimponyi nusu mtu,
huwaacha wawili wazima wakiumwa.
Akaandika tarehe kwenye kadi yangu,
na chini yake, kwa hati yao ile mbovu,
*waje wawili*.
Nimemsomesha mtoto wa jirani nihakikishe.

Kadi mpya utapewa pale pale.
Itaulizwa miaka yako; kisia,
nesi naye atakisia.
Mkoba wako mimi nitaubeba,
wewe chukua kofia uliyoianza,
ile ya maua manne uliyokwama kwenye la tatu,
benchi lile lina saa nyingi na mwanga mzuri.

Na kama mkanda utasema namba kubwa, itasema.
Imekuwa ikisema hata ulipokuwa huisikii.

Mimi nitakaa mbele yako.
Wakiuliza nani wa mwisho, nyoosha mkono,
useme ni wewe.
Haitachukua muda, atakuja mwengine.